Maswali ya Wasomaji: Vimiminika Vinavyokaza Vikipashwa Moto

Barua kadhaa zilizotufikia zimegusa jambo moja kutoka pande tofauti, nalo ni vile vimiminika ambavyo, badala ya kuwa vyepesi vinapopashwa moto, huwa vizito au hushika kabisa. Tumeziweka pamoja ili jibu la mmoja limsaidie mwenzake.

Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja, na tunapokea wageni wengi wasiokula nyama, ambao tunawakaangia baga za protini ya soya. Kipande kikitoka jokofuni huwa laini na hunata vidoleni. Kikikaa dakika chache kwenye kikaango hushikamana, hata naweza kukigeuza bila kukivunja. Lakini mgeni akichelewa mezani na chakula kikapoa, kipande hulegea tena. Siagi, samli na mafuta ya nazi hufanya kinyume chake. Mwenzangu husema ni maji tu yanayokauka. Je, ni kweli?
*Mpishi, Nungwi*

Ndugu mpishi, mwenzako amekosea, na ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: maji yaliyokauka hayarudi kwa sababu tu chakula kimepoa. Ukitaka kumridhisha, tia kipande kibichi katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, uipime kwenye mizani, uiweke ndani ya maji ya moto mpaka kilichomo kikaze, kisha uifute na kuipima tena. Uzito utakuwa uleule, ingawa kipande kimekaza.

Sasa geuza pakiti usome orodha ya viambato. Yaelekea sana utakuta neno methiliselulosi, au namba E461 inayosimama badala yake. Huu ni unga mweupe usio na ladha, unaotengenezwa kutokana na selulosi, yaani kile kijenzi kikuu cha mbao na cha nyuzi za pamba. Selulosi yenyewe haimumunyiki katika maji, la sivyo shati la pamba lingeyeyukia kwenye beseni siku ya kwanza ya kufuliwa. Haimumunyiki kwa sababu minyororo yake mirefu imelaliana na kushikana kwa bondi za hidrojeni, kiasi kwamba maji hayapati pa kupenya. Viwandani huilowesha katika magadi makali na kuipitishia kemikali inayopachika vikundi vidogo vya methili mahali pa baadhi ya vikundi vya haidroksili. Kila kiungo cha mnyororo kina nafasi tatu za namna hiyo, na katika bidhaa za kawaida zinazojazwa ni kama 1.8 kwa wastani. Jambo la kushangaza ni kwamba vikundi vya methili vina tabia ya mafuta, si ya maji, na bado kuviongeza kunaifanya selulosi imumunyike, kwa sababu vinavuruga ule mpangilio wa kulaliana. Vikizidi na kukaribia nafasi zote tatu, tabia ya mafuta hushinda na polima, yaani molekuli hii ya mnyororo mrefu, huacha kumumunyika katika maji.

Methiliselulosi basi huishi kwenye mpaka: sehemu moja inayapenda maji, sehemu nyingine inayakwepa. Maji ya baridi yanaivumilia, lakini kwa gharama. Molekuli ya maji iliyo karibu na kikundi cha methili haipati cha kushikana nacho upande huo, kwa hiyo inageukia maji wenzake, na kwa pamoja yanajipanga kukizunguka kikundi hicho kama wacheza ngoma walioshikana mikono kuizunguka nguzo. Mpangilio huo ni nadhifu kuliko vurugu ya kawaida ya maji, na unadhifu ndio gharama yenyewe, maana katika maumbile vitu huelemea upande wenye vurugu zaidi, ule ambao wanafizikia huupima kwa kipimo cha entropia. Joto linapopanda, uzito wa entropia katika hesabu hiyo unakua. Wacheza ngoma wanaachiana mikono, nguzo zinabaki wazi, na kwa kuwa hazina tena mlinzi, zinasogeleana na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mnyororo mmoja una nguzo nyingi, kwa hiyo hushikana na minyororo mingi kwa wakati mmoja, na matokeo yake ni wavu unaoyanasa maji yote ndani yake. Hiyo ndiyo jeli unayoikuta kikaangoni. Ukiipoza, maji hurudi kuzizunguka nguzo na wavu huachia.

Maelezo hayo ya nguzo ndiyo yaliyozoeleka, na kwa kuelewa jikoni yanatosha, ila si hadithi yote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliigandisha jeli ya methiliselulosi kwa baridi kali na ya ghafla kisha wakaitazama kwa hadubini ya elektroni, wakakuta kwamba minyororo haishikani ovyoovyo bali hujisokota kuwa nyuzi zenye unene wa takribani nanomita 15, karibu zote sawa. Wavu upo, lakini umefumwa kwa kamba na si kwa uzi mmoja mmoja.

Yapo mambo matatu ya kukufaa kazini. La kwanza ni kwamba mmumunyo huu haukazi tangu moto unapoanza. Kutoka baridi ya jokofuni kwenda juu huwa mwepesi kidogo kama kimiminika kingine chochote, halafu ukifika karibu nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi hubadilika ghafla. Kwa hiyo usiguse kipande katika dakika ya kwanza, maana hapo ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. La pili, kulegea hakutokei kwenye joto lile lile la kukaza bali chini yake sana, na ndiyo maana mgeni aliyechelewa kidogo bado hukuta kipande kimeshikamana. La tatu, chumvi na sukari hushindania maji na kulishusha joto la kukaza, kwa hiyo mchanganyiko wenye chumvi nyingi utashika mapema kuliko usio na chumvi.

Niongeze neno kuhusu lugha, kwa kuwa wengi hukwama hapo. Kiswahili chetu kina kitenzi *kuganda*, nacho kinabeba mizigo mingi: samli huganda kwa baridi, maziwa huganda kwa kuchachuka, damu huganda kwenye jeraha. Sikioni kwa wengi wetu kuganda ni jambo la baridi, na anayeambiwa kwamba kitu kimeganda kwa moto hudhani ametaniwa. Katika safu hii nitasema kukaza au kushika, na neno kuyeyuka nitaliacha kwa kitu kigumu kilichogeuka kimiminika, tofauti na kumumunyika, ambako kitu huenea ndani ya maji.

Mhariri, uji nao ni mwepesi kabla ya kupikwa na huwa mzito ukichemka. Je, si jambo lile lile?
*Msomaji, Bukoba*

Silo, ingawa kwa macho yanafanana. Punje za wanga wa mahindi huanza kufyonza maji na kuvimba zikifika kati ya nyuzi 62 na 72, mpaka zikabanana na nyingine kupasuka, na minyororo iliyokuwa imefungiwa ndani ikamwagika. Punje iliyopasuka hairudi kuwa punje. Ukiuacha uji upoe hauwi tena maji na unga. Kinyume chake huzidi kuwa mzito na kufanya ngozi juu, na kiporo cha ugali unakijua mwenyewe. Ute wa yai ni vivyo hivyo: protini zake zikishafunguka kwa moto na kushikana, hakuna jokofu litakalozirudisha. Kipimo cha kutenganisha makundi haya mawili ni kupoza. Methiliselulosi unaweza kuikaza na kuilegeza mara nyingi upendavyo, uji na yai mara moja tu.

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Katika mazoezi ya maabara tulitakiwa kuandaa jeli ya poloksama 407 ya asilimia 20. Nikafanya kama nifanyavyo kwa jelatini, nikachemsha maji kwanza, nikapata madonge yasiyoisha. Mwenzangu alitumia maji ya barafu, akapata kimiminika safi kama maji, lakini alipokiacha mezani kikashika ndani ya chupa hata hakimwagiki. Mwalimu alimsifu yeye na mimi akaniambia nikasome. Nimesoma, na bado sijaelewa.
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba. Kosa lako ni la heshima, kwa sababu jelatini ndiyo inayotufundisha wengi wetu tabia za jeli, na jelatini ni ya upande wa pili: huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 30 na kitu na hushika ikipoa. Poloksama 407, ambayo nayo ni polima, ukiimwaga katika maji ya moto, chembe ya nje ya kila punje hushika papo hapo na kuwa ngozi inayozuia maji kuingia ndani, na hapo ndipo madonge yanapozaliwa. Njia iliyo sahihi ni kunyunyiza unga kidogo kidogo juu ya maji ya nyuzi 4 au 5 huku ukikoroga taratibu bila kutia mapovu, kisha kuiacha chupa jokofuni usiku kucha. Asubuhi utakuta kimiminika angavu, na hata madonge uliyoyapata wewe yangeisha kama ungeyaweka jokofuni badala ya kuyamwaga.

Jina la kitu hiki lina maana, na ukiijua maana yake umeshaielewa nusu ya tabia yake. Tarakimu mbili za mwanzo, 40, ukizizidisha mara 100 unapata uzito wa kipande cha kati cha molekuli, takribani 4,000. Tarakimu ya mwisho, 7, ukiizidisha mara 10 unapata asilimia ya vipande vya pembeni, yaani 70. Kipande cha kati ni polioksipropilini, na cha kila upande ni polioksiethilini. Vya pembeni vinayapenda maji katika joto lolote utakalokutana nalo hospitalini. Cha kati huyavumilia maji yakiwa baridi tu, na joto likipanda hukimbilia wenzake. Hivyo molekuli nyingi hukusanyika katika vifundo vidogo vya mviringo vinavyoitwa misela, vipande vya kati vikiwa ndani na vya pembeni vikiwa nje kama manyoya. Kadiri joto linavyopanda misela huongezeka mpaka nafasi ya kuogelea inakwisha, na hapo hujipanga kama machungwa yaliyopangwa juu ya meza ya sokoni. Hakuna chungwa lililogundishwa kwa jirani yake, lakini hakuna linaloweza kutoka bila mengine kusogea, na ndiyo maana chupa ya mwenzako haikumwagika.

Angalia tofauti na methiliselulosi, maana watahini hupenda kuiuliza. Ile hufuma wavu, hii hupanga vifundo. Kwa kuwa hapa ni suala la kubanana, kiasi cha polima kina neno la mwisho: chini ya takribani asilimia 15 machungwa hayatoshi kujaza meza, na mmumunyo hautashika hata ukiupasha.

Matumizi yake katika tiba si mapya. Mwaka 1972 Irving Schmolka, mkemia wa Marekani, alichapisha makala akipendekeza jeli ya poloksama hii iwe ngozi ya bandia kwa walioungua: hupakwa ikiwa baridi na majimaji, hujaza kila tundu la jeraha, hushika kwa joto la mwili, na huondolewa kwa maji baridi bila kuchubua. Wazo hilo limeendelezwa katika dawa za pua, za macho na za kuchomwa sindano, ambapo kinachohitajika ni kimiminika kinachopita katika mdomo mwembamba na kushika kikishafika kwenye nyuzi 37. Udhaifu wake nao unatokana na machungwa yale yale: majimaji ya mwili yakiingia, msongamano hupungua na jeli humumunyika na kuchukuliwa mapema kuliko daktari apendavyo.

Nina neno moja ambalo vitabu vingi havilisemi, kwa sababu vimeandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20. Mmumunyo wa asilimia 20 hushika kwenye joto la karibu na hizo 20 hadi 25. Kwenye zahanati yetu ya pwani isiyo na kiyoyozi, ambako mezani kuna nyuzi 30, utakuwa umeshashika kabla muuguzi hajafungua kifuniko. Unapobuni dawa ya huku kwetu, punguza polima kidogo, au ichanganye na poloksama 188, ambayo hulipandisha joto la kushika, mpaka lifike kama nyuzi 33 au 34: juu ya joto la chumba, chini ya joto la mgonjwa. Ni mwanya mwembamba, na kuupata kwa usahihi kunahitaji kipimajoto kizuri na uvumilivu.

Je, mwani tunaolima hapa unaweza kutoa jeli ya namna hiyo?
*Mkulima wa mwani, Jambiani*

Hapana, mama. Spinosamu na kotonii, aina mbili za mwani, hutoa karajini, ambayo humumunyika kwa moto na kushika ikipoa, ile ya kotonii ikiwa ngumu na ya kukatika, ya spinosamu ikiwa laini na ya kunesa. Ina soko lake kubwa, lakini ni la upande wa jelatini.

Mtaalamu, fundi mkubwa wa gereji yetu hutuambia kwamba oili ya 20W-50 ni nyepesi asubuhi na huwa nzito injini ikipata moto, na kwamba ndiyo maana ya namba mbili. Mimi nikimwaga oili ya injini iliyotoka safari naiona inatiririka kama maji. Nani mkweli?
*Fundi magari, Mombasa*

Macho yako ni ya kweli, na mkubwa wako amesikia nusu ya habari. Hakuna oili ya injini inayokuwa nzito ikipashwa moto. Mnato wa 20W-50 kwenye nyuzi 40 huwa karibu 150 au zaidi kwa kipimo cha milimita mraba kwa sekunde, na kwenye nyuzi 100 hushuka hadi kati ya 16.3 na 21.9, ambayo ndiyo maana rasmi ya hiyo 50. Namba yenye W hupimwa kwenye baridi: kwa 20W ni nyuzi 15 chini ya sifuri, hali ambayo gari la Mombasa halitaijua maishani mwake.

Polima lakini zimo, na hapo ndipo mkubwa wako alipoukaribia ukweli. Kiwanda huchukua oili nyepesi na kuitia polima ambazo katika oili baridi hujikunja kama kitonge cha uzi, na katika oili ya moto hukunjuka na kuchukua nafasi kubwa zaidi. Oili yenyewe inazidi kuwa nyepesi, polima inazidi kuizuia, na jumla yake ni oili inayopoteza mnato polepole kuliko ambavyo ingepoteza peke yake. Ni breki ya kushuka mlima, wala haiwezi kulirudisha gari juu. Breki hiyo nayo huchakaa, kwa sababu meno ya gia na pampu huikata minyororo mirefu, na hii ni mojawapo ya sababu za oili ya zamani kutoshika kama mpya.

Kimiminika kinachokuwa kizito kikweli kadiri joto linavyopanda, bila kufikia kushika kabisa, kinawezekana katika maji. Mwaka 1994 wanakemia watatu wa Ufaransa, D. Hourdet, F. L'Alloret na R. Audebert, walieleza jinsi ya kukijenga: chukua mnyororo mrefu unaoyapenda maji daima, uupandikizie matawi ya polima ambayo huyakimbia maji yakipata moto. Baridi ikiwepo, matawi yamelegea na mmumunyo ni mwepesi. Joto likizidi kiwango fulani, matawi ya minyororo mbalimbali hukutana na kushikana, huku mnyororo mkuu ukizuia yasichujike na kuzama chini. Chumvi hulishusha joto hilo, kama tulivyomwambia mpishi. Wachimbaji wa visima virefu vya mafuta ndio wanaolipenda zaidi wazo hili, kwa sababu kadiri wanavyoshuka ardhini ndivyo joto linavyopanda, na tope lao la kuchimbia hupoteza nguvu mahali pale pale linapohitajika zaidi.

Mhariri, ningependa kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tano jambo hili darasani. Nifanyeje bila vifaa vya gharama?
*Mwalimu wa kemia, Morogoro*

Mwalimu, tafuta methiliselulosi ya chakula au ya maabara. Usitumie gundi ya vigae au ya karatasi za ukutani, hata kama ina jamaa yake ndani, kwa sababu imechanganywa na vitu vingine. Gramu 2 zinatosha kwa mililita 100 za maji.

Pasha theluthi ya maji mpaka yapite nyuzi 80, nyunyiza unga huku ukikoroga, na hapa wanafunzi wataona kitu cha kwanza: unga unatawanyika bila madonge, kwa kuwa maji ya moto hayaumumunyi. Ongeza maji ya barafu yaliyobaki, koroga, weka jokofuni hadi kesho yake. Utapata ute mzito, angavu, kama wa yai bichi. Mimina kidogo katika neli ya majaribio pamoja na kipimajoto, uipashe taratibu ndani ya bika la maji, na mwanafunzi mmoja aandike mambo mawili: joto ambalo ute unaanza kuwa mweupe kama tui, na joto ambalo neli inaweza kupinduliwa bila kumwagika. Hayatakuwa lile lile, na mjadala wa kwa nini utakula nusu ya kipindi. Rudia kwa ute uliotiwa chumvi.

Kisha vuta ute uliobaki katika bomba la sindano lisilo na sindano, lizamishe ncha yake katika sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka, na usukume taratibu. Zitatoka tambi nyeupe, ngumu kiasi cha kuinuliwa kwa uma. Ziweke kwenye sahani mbele ya darasa na uendelee na somo. Kabla kengele haijalia zitakuwa zimeanza kung'aa, halafu kunata, halafu kuungana, na anayeinamisha sahani atakiona kile kile kilichoingia kwenye bomba.